Wino Mwekundu wa Kina Argemonde

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu Felismina aandike jina lake mwenyewe kwenye mti wa ukoo, na wino ulikuwa bado haujakauka.

Aligundua kwa bahati tu. Alikuwa anapangusa majivu yaliyoruka kutoka motoni, kiganja kikapita juu ya karatasi, na alipokiinua akakuta doa jekundu kwenye kidole cha kati. Akadhani amejikata. Akakinyonya kidole, akatema upesi; haikuwa damu, ulikuwa wino. Akainama kuyatazama majina mengine, mia mbili na kitu, yaliyomkunja mgongo mwezi mzima. Yote yalikuwa makavu. Lake tu, chini kabisa kwenye kona ya kulia, lilikuwa linameremeta kana kwamba kalamu imeinuliwa sasa hivi.

"Unyevu huu," alijisemea.

Na kweli, Desemba katika bonde la mto Lima, kaskazini mwa Ureno, hata chumvi hugeuka maji ndani ya kopo, na kuta za mawe hutoka jasho. Lakini unyevu gani huo unaochagua jina moja kati ya mia mbili? Hilo Felismina hakujiuliza. Alichukua karatasi ya kunyonya wino, akalikandamiza jina, akaendelea na kazi.

Felismina de Argemonde alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, karani wa nyaraka za kale mjini Braga. Kazi yake ilikuwa kunakili vitabu vya ubatizo na maziko vilivyotafunwa na mende, na miandiko alikuwa anaijua kama wengine wanavyojua sura; angekuambia padri yupi alikuwa mlevi kwa kutazama tu alivyokunja herufi zake. Hakuwa na mume wala ndugu. Alikuwa na jina. Aliokotwa akiwa kichanga cha siku mbili, ndani ya kikapu, kwenye ngazi za mbele za jumba la kina Argemonde, na bwana wa jumba hilo, Dom Bernardim, akamsimamia ubatizo, akampa jina la ukoo wake, akamlea, akamsomesha kwa masista. Kijiji kizima kilimsifu mzee kwa ukarimu ule. Felismina alimwita Baba, kama watoto wa ubatizo wanavyowaita wasimamizi wao, lakini neno lile kinywani mwake lilikuwa na uzito zaidi. Alikuwa na siri ambayo hakuitaja hata kwenye kitubio: aliamini kwamba yule mzee ni baba yake wa damu. Mara ngapi alisimama mbele ya kioo akiilinganisha pua yake na pua za picha za ukutani? Hata yeye asingeweza kuhesabu.

Kwa hiyo barua ilipofika mwezi Novemba, moyo ulimruka. Nuno, mtoto pekee wa Dom Bernardim, alikuwa kazini Luanda, lakini mkewe Constança alikuwa amerudishwa ajifungulie jumbani kama warithi wote walivyozaliwa humo, na amepata mtoto wa kiume, Lopo. Desturi ya nyumba ilitaka mti wa ukoo uchorwe upya kila anapozaliwa mrithi. Mzee alitaka Felismina auchore. Barua iliishia kwa maneno mawili, "Njoo nyumbani," na hayo mawili aliyasoma mpaka mikunjo ya karatasi ikalegea.

Mti wenyewe ulikuwa na rangi mbili. Wino mweusi ulikuwa wa waliozaliwa ndani ya ukoo, kuanzia yule askari wa farasi aliyepewa bonde na mfalme wa kwanza. Wino mwekundu ulikuwa wa waliopewa jina kwa hisani: watumishi, watoto wa kuokotwa, Wayahudi waliolazimishwa ubatizo, watumwa. Weusi walishuka mmoja mmoja, uzi mwembamba ambao ungeweza kukatika wakati wowote. Wekundu walitambaa ukurasa mzima. Walikuwapo wa Bahia, wa Goa, wa Luanda. Alikuwapo hata mmoja aliyebatizwa Kisiwa cha Msumbiji, Inácio de Argemonde, mtumwa wa nahodha. Felismina alipofika kwa huyo Inácio alitabasamu. Jina limetembea, alifikiri, na wenye jina hawakulifanyia choyo.

"Umeandika na lako?" Dom Bernardim alimuuliza jioni ya siku ile ya doa, mezani. Alikuwa na miaka sabini na minane, mrefu, mikono yake mizuri ikitetemeka kidogo juu ya kijiko.

"Nimeandika, Baba. La mwisho, kama ulivyosema."

"Kwa mkono wako mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu. Wino mwekundu."

Mzee alisimama, akazunguka meza, akambusu kwenye paji la uso. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Constança, aliyekuwa upande wa pili anamnyonyesha mwanawe, aliinua uso.

"Kumbe hata mtoto wa kikapu huandikwa mtini," alisema. "Nuno alinisimulia juu yako. Alisema ulikuwa unapenda kukaa kwenye kiti chake, mpaka ukafinywa."

"Nilifinywa na nikarudi kukaa," Felismina alijibu, na mzee akacheka, na usiku ule alilala kwa raha ambayo hakuwa ameionja tangu utoto.

Kesho yake mti ulitundikwa kwenye ukuta wa chumba cha kulia, ukitazamana na dirisha la mtoni. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Kwanza ilikuwa harufu. Saa tisa alasiri, nyumba imetulia, Felismina akapita ukumbini akanusa maziwa yaliyochacha, yamechanganyika na tope la mto. Akadhani ni kichanga kimetapika. Alipoingia chumba cha kulia akakuta nyayo za maji kwenye mbao, nyayo za miguu mitupu, ndogo, za mwanamke, zimetoka kwenye dirisha lililofungwa komeo zikaenda moja kwa moja mpaka chini ya mti, zikaishia hapo, hazikurudi. Siku ya pili ikawa sauti. Mtu alikuwa anaimba kwa pua, polepole, ule wimbo usio na maneno wa kubembeleza mtoto, na Felismina alimfuata mwimbaji chumba hadi chumba akidhani ni Constança, akamkuta Constança amelala fofofo na mtoto amelala fofofo, na wimbo ukiendelea nyuma ya mgongo wake, karibu, karibu kiasi cha kuhisi shingo yake inapoa. Alipogeuka hakuona mtu. Alirudi chini, akalitazama jina lake. Wino ulikuwa mbichi kama siku ya kwanza.

Akaenda jikoni. Zulmira, mpishi, alikuwa na zaidi ya miaka hamsini katika jumba lile. Alikuwa amekunja mikono anabadilisha maji ya samaki mkavu wa chumvi, maana karamu ya mkesha wa Noeli ilikuwa kesho yake.

"Bibi Zulmira, wino unaweza kukaa siku kumi na mbili bila kukauka?"

"Nakijua kitunguu mimi, wino nitaujulia wapi?"

"Majina yote yamekauka. Langu tu halikauki."

Mikono ya Zulmira ilisimama ndani ya maji. "Jina lako? Umeliandika kwenye mti? Nani alikwambia uliandike?"

"Baba."

"Mama wa Mungu." Samaki alimponyoka akaanguka sakafuni, na Zulmira, ambaye asingeacha hata ngozi ya samaki ipotee, hakuinama kumwokota. "Lifute. Sasa hivi. Likwangue kwa wembe."

Felismina alilikwangua. Alikwangua mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ngozi ya jicho, na wino ukachomoza tena kutoka chini, tone kwa tone, herufi kwa herufi, mpaka jina likatimia. Zulmira alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kichwa amekiuma kwa meno. Akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo.

"Mimi sijasema kitu," alinong'ona. "Umeniomba mishumaa, nimekupa ufunguo wa sanduku la kanisani. Basi."

Kanisa dogo la nyumba lilikuwa uani. Ndani ya sanduku, chini ya mishumaa, zilikuwamo karatasi nane zimekunjwa pamoja. Zilikuwa miti ya ukoo, yote ya kina Argemonde, kila mmoja wa kale kuliko mwingine. Felismina alizitandika sakafuni. Mwingine angeona majina tu. Yeye aliona mikono. Katika kila mti, jina jekundu la mwisho, chini kwenye kona ya kulia, lilikuwa la mkono uleule uliochora mti mzima. Quitéria wa kuokotwa. Simão mtoto wa mtunza mizinga. Abílio mwalimu, aliyeuchora mti wa 1926 alipozaliwa Nuno. Akatoa sandukuni kitabu cha maziko cha kanisa lile, akaanza kutafuta. Quitéria, mwaka uleule. Simão, mwaka uleule. Abílio, wiki tatu baada ya kumaliza kuandika. Na mapadri, kila mmoja kwa mwandiko wake, mlevi na asiye mlevi, waliandika maneno yaleyale: amekufa kwa maji, kitandani.

Chini kabisa palikuwa na daftari. Kurasa za mwanzo zilikuwa za kale sana, na zilisimulia habari ya gharika. Mto ulipanda usiku mmoja hadi kwenye paa za nyumba. Yaya wa nyumba, Briolanja, alikuwa juu ya paa na watoto wawili, mrithi wa bwana na mwanawe mwenyewe, Brás. Bwana alifika na mtumbwi. Nipe wangu kwanza, alisema, mtumbwi ni mdogo, narudi kumchukua wako. Yaya alimpa. Bwana hakurudi. Walipomwopoa yule mama siku ya nne alikuwa bado amemkumbatia mwanawe, na midomo yake, ingawa alikuwa maiti, ilitamka: kwa kila Argemonde atakayezaliwa ndani ya nyumba hii, nitachukua Argemonde mmoja.

Bwana yule hakuwa mjinga. Yaya amesema Argemonde, hakusema damu. Akamzika Brás kwa jina la ukoo wake, wa kwanza kwa wino mwekundu, kisha akaanza kuligawa jina lile kwa kila aliyepita mlangoni, na warithi wake wakagawa, na waliopewa wakavuka nalo bahari wakiwa wamejaa shukrani. Baadaye wakagundua kwamba Yaya hajui kusoma. Hulifuata jina ambalo wino wake ni mbichi. Tangu hapo hawakuhitaji wengi. Mmoja kwa kila mrithi alitosha, mradi ajiandike kwa mkono wake.

Kurasa za mwisho zilikuwa za mwandiko ambao Felismina angeutambua gizani. "Abílio alikimbilia Porto," uliandika. "Haikumsaidia." Na chini ya hapo, mwaka mmoja baadaye: "1927. Mtoto wa kike. Nimempa jina. Huyu atunzwe kwa ajili ya zamu ya mtoto wa Nuno."

Atunzwe. Felismina alikaa chini juu ya mawe baridi. Alikumbuka viatu vyekundu alivyonunuliwa alipokuwa na miaka sita. Alikumbuka mzee akimshika mkono kumfundisha kuandika, "polepole, mwanangu, mstari unyooke." Katika bonde lile kila nyumba hufuga nguruwe mmoja, humlisha vizuri, humkuna mgongo, humpa na jina, na ifikapo Desemba humchinja. Miaka thelathini na miwili alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, na alikuwa anatembea nacho mitaani Braga kifua mbele. Alilia kwa hasira mpaka kwikwi zikamkaba.

Alimkuta mzee peke yake mbele ya moto, jioni ya mkesha, amevaa suti nyeusi kwa ajili ya karamu. Akamwekea daftari mapajani. Dom Bernardim hakulifungua.

"Zulmira ameanza kuzeeka," alisema tu.

"Ulinitoa kafara, Baba."

"Sauti yako, tafadhali. Constança hajui."

"Ulinitoa kafara kabla sijaota meno!"

"Nilikupa jina. Nilikupa shule, nilikupa meza hii. Wangapi waliookotwa kwenye vikapu wamepata nusu yake?" Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi. "Lopo ana wiki sita, Felismina. Nenda kamtazame. Halafu uje uniambie nimpe Yaya nani."

"Ungejitoa wewe mwenyewe. Ungejiandika wewe."

Mvua ilikuwa inapiga vioo. Daraja lilikuwa limezama tangu asubuhi, basi la Braga halikuwa limefika, na hata lingefika, Abílio alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mbio hazifai kitu. Felismina alikuwa na swali moja tu lililobaki, na alilikaribia kama mtu anavyokaribia ukingo wa kisima.

"Niambie neno moja tu la kweli. Mimi ni damu yako?"

Dom Bernardim aliugeukia moto. "Hapana," alisema. "Usijitese. Hapana."

Chakula kililiwa. Samaki, viazi, kabichi, mafuta ya zeituni, mikate ya kukaanga yenye mdalasini. Constança alisimulia mambo ya Lisbon na hakuna aliyemsikiliza. Baada ya karamu meza haikuondolewa. Katika nyumba za kule meza ya mkesha huachwa na vyombo vyake na mabaki yake mpaka kesho, ili marehemu wa ukoo nao wapite wale. Felismina hakulala. Alipiga moyo konde, akangoja, na asubuhi, kengele ya misa ya Noeli ilipolia na wote wakashuka kijijini chini ya miavuli, Zulmira akiwa amembeba mtoto, yeye alisema kichwa kinamuuma. Mzee alimtazama mara moja, akavaa kofia, akatoka. Alijua kinachokuja, na alikuwa amechagua kuwa kanisani kitakapofika.

Ilikuwa saa nne. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umepanda kutoka mtoni, mweupe, mzito, umeziba madirisha yote, na Felismina alikuwa amesimama kati ya meza na mti, mikono imeshika mgongo wa kiti, akisikiliza kengele ya kijijini ikizidi kufifia mpaka ikawa haisikiki, wala jogoo hasikiki, wala moto, ambao alikuwa anauona unawaka lakini haupigi hata cheche moja ya sauti, na katika ukimya huo akasikia tone la maji likidondoka, kisha la pili, kisha harufu ikaja, maziwa na tope, na vyakula vilivyobaki mezani vikaanza kulowa, mkate ukavimba, divai ikamwagika kwenye glasi bila kuguswa, na viti vikasogezwa kimoja baada ya kingine, kutoka mwisho wa meza kuja upande wake, kana kwamba mtu anayepita anavigusa kutafuta chake, na hakupata, maana miaka mia nne hakuna aliyemwekea.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya mti. Nywele zake zilikuwa zimemganda usoni, zinachuruzika. Mikono aliikunja kifuani kama aliyebeba mtoto, na ndani ya mikono hapakuwa na kitu.

"Jina bichi," alisema, kwa sauti ya mtu mwenye maji kooni. "Jina bichi la nani?"

Felismina alitaka kukimbia, lakini maji yalikuwa yameanza kumjaa mdomoni, baridi, yenye mchanga. Akayatema. "Langu," alisema. "Lakini wamekudanganya, mama."

Yule kiumbe aligeuka.

"Hujui kusoma," Felismina aliendelea, upesi, kabla maji hayajarudi. "Ngoja nikusomee. Hawa wekundu, hakuna hata mmoja aliye wao. Huyu alikuwa mtoto wa kuokotwa. Huyu mtumwa. Huyu mtoto wa mtunza mizinga. Ni watoto wa watu kama wewe, walipewa jina ili uwachukue wao. Na huyu hapa, wa kwanza kabisa..." Akaweka kidole juu ya jina. "Huyu ni Brás. Walimweka mwanao upande huu, mama. Miaka yote umekuwa unawazamisha wenzake."

Mkono wenye maji uliinuka, ukaligusa jina la Brás, na Yaya akatoa sauti ambayo si kilio wala wimbo, na vioo vya chumba kizima vikatetemeka. Felismina naye alikuwa analia. Wawili waliotapeliwa na nyumba moja walisimama mbele ya karatasi moja.

"Damu ni hawa weusi," alisema. "Chukua damu. Kichanga kiache, hakijatenda kitu. Anza na mzee. Weusi tu, mama, wekundu tuache."

Yaya aliupitisha mkono juu ya mti, kutoka juu hadi chini, kama anayepangusa uso wa mtoto. Halafu ukungu ukajaa chumbani, ukatoka, na moto ukarudi kusikika.

Felismina aligusa jina lake. Lilikuwa kavu. Alicheka kwa sauti peke yake, akakaa kwenye kiti cha Nuno, akajimiminia divai, akainywa yote. Kwenye mti, jina la Bernardim lilikuwa limeanza kuchuruzika weusi.

Zulmira alirudi mbio, peke yake, kitambaa kimemwanguka mabegani.

"Bwana amekufa! Binti, bwana amekufa kanisani, kwenye benchi lake, mbele ya watu wote! Maji yalimtoka mdomoni na puani, kama ameopolewa mtoni, na nguo zake kavu! Padri amekimbia!"

"Na mtoto?"

"Mtoto mzima. Yuko na mama yake, analia njaa."

"Basi imekwisha," Felismina alisema. Hakuona haya. "Nilimwambia Yaya ukweli. Nilimwambia aache wekundu, achukue damu ya Argemonde."

Zulmira alimtazama. Taratibu, kama mtu aliyevunjika kiuno, alijishusha akakaa sakafuni.

"Nani alikwambia wewe si damu?"

"Yeye mwenyewe. Jana. Nilimuuliza usoni."

"Mama yako alikuwa Rosalina, mfua nguo wetu," Zulmira alisema, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. "Alikuzaa chumba cha kufulia, akafa asubuhi yake. Bwana alikubeba, akakutazama, akasema una pua ya mama yake. Akanituma nikuweke kwenye kikapu. Nilikutoa mlango wa nyuma nikazunguka nawe mpaka ngazi za mbele, hatua arobaini, binti, ndiyo safari yako yote. Akatoka, akajifanya anashangaa. Mimi nilidhani anaficha aibu tu. Nyekundu alikuandika yeye. Mungu hakukuandika hivyo."

Kwa pumzi moja, Felismina alifurahi. Naomba asilaumiwe. Maisha yake yote alikuwa ametafuta neno lile, na sasa limetamkwa, na joto likampanda kifuani kama mtoto aliyeitwa ndani kutoka kwenye baridi. Kisha akaelewa yule mzee alikuwa amefanya nini mbele ya moto, kwa neno moja jepesi. Akageuka kuutazama mti.

Majina mekundu yote yalikuwa makavu, kutoka Brás hadi Inácio wa Msumbiji. La Bernardim nalo sasa lilikuwa kavu. Chini kwenye kona ya kulia, mahali pake palepale, kwa mkono wake mwenyewe, mstari umenyooka kama alivyofundishwa, jina la Felismina lilikuwa jeusi, na lilikuwa linameremeta.

"Zulmira," alinong'ona, "nifungulie dirisha."

Zulmira hakuinuka. Alikuwa anaangalia nyuma ya Felismina, mkono mdomoni, na pale mezani, kati ya vyombo vya jana, kiti kilikuwa kinavutwa.